Nyasi za Chuo na Bomba la Nyumbani

Kila siku saa mbili asubuhi, mtunza bustani wa chuo kikuu alifungua koki yake. Vichwa vya mipira ya maji vilianza kuzunguka taratibu. Maji yaliruka juu, yakashuka polepole juu ya nyasi, na upinde wa mvua mdogo ukasimama katikati ya uwanja. Yeye aliegemea reki yake, akasahau dunia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ile, na bado rangi zile hazikumchosha. Wanafunzi walimwita Profesa Majani. Alijifanya hapendi, lakini jina hilo aliliitikia upesi kuliko jina lake.

Saa hiyo hiyo, chini ya kilima, bomba la jikoni kwake lilikauka.

Binti yake alikuwa amejifungua mapacha, na mapacha hawajui kusubiri. Nepi zilijaa beseni kabla ya saa nne. Basi mkewe alibeba ndoo hadi kisima cha mtaa wa pili, akarudi, akaenda tena. Jumatatu moja aliteleza njiani, akaanguka na ndoo yake. Mganga wa zahanati alimpima, akamwambia waziwazi: "Mama, ukiendelea kubeba, mgongo huu utakulaza moja kwa moja."

Jioni ile mkewe alilala chali mkekani, akiangalia dari.

"Baba watoto," alisema, "nimelifikiria bomba letu mchana kutwa. Lina ratiba."

"Ratiba gani tena?"

"Linakauka saa mbili asubuhi. Linarudi saa kumi jioni. Jumapili halikauki kabisa. Na ulipougua homa mwezi uliopita, lilitoa maji siku zote tatu. Wewe ukiugua, bomba linapona."

Binti alicheka hadi pacha mmoja akaamka. Profesa Majani hakucheka. Saa mbili ndipo hufungua koki yake, saa kumi ndipo huifunga. Aliacha ugali, akanawa mikono mapema.

Asubuhi alimtafuta fundi bomba wa chuo, mwanamke kijana aliyebeba spana zake kwenye mkoba wa shule. Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alimpeleka nyuma ya maktaba, akafunua mfuniko wa chuma uliofunika bomba nene lenye kipimo cha nguvu ya maji.

"Mzee wangu, hili bomba kubwa linatoka kwenye tangi la juu kilimani. Linapita chuoni kwanza. Kinachobaki ndicho kinachoshuka mtaani kwenu. Hebu kafungue koki yako."

Alikwenda, akafungua. Aliporudi, mshale wa kipimo ulikuwa umeanguka karibu na sifuri. Alikwenda tena akafunga. Mshale ukapanda.

Aligusa kioo cha kipimo kwa kidole.

"Kwa hiyo maji ninayomwaga kule..."

"Ni ya mama nyumbani. Na ya majirani zenu wote."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nimeandika barua tatu. Wakubwa wanaogopa nyasi zitakauka kabla ya mahafali. Mgeni anaona nyasi, bomba lenu halioni. Lakini Alhamisi kuna mkutano wa wadau. Chuo kinataka kujua watu wanaonaje kazi yake ya kutunza mazingira. Njoo useme."

"Mdau si mtu wa suti na tai?"

"Mdau ni kila anayeguswa na mambo ya chuo. Mwalimu, mwanafunzi, mpishi, jirani. Hata mkeo ni mdau, ingawa hajawahi kukanyaga hapa."

Siku ya Jumatano, baada ya kazi, alivua viatu akatembea uwanjani. Nyasi zilikuwa baridi na laini. Jua la jioni lilizilalia, na ilionekana kama uwanja wote unapumua polepole. Akisema, zitakufa. Na nani atamhitaji mtunza nyasi zilizokufa? Zilibaki wiki tatu kabla ya mahafali. Alizipenda nyasi zile, na aliogopa.

Mkutanoni, mkuu wa chuo alionyesha picha za sola juu ya paa, miche elfu mbili na bango jipya getini. Watu walipiga makofi. Ndipo mwanafunzi mmoja aliposimama.

"Nusu ya miche ile imekufa," alisema. "Tulipiga picha, hatukurudi kumwagilia."

Mwalimu alisema karatasi bado zinachapwa upande mmoja. Mpishi alisema maganda ya jikoni yanatupwa, wakati yangekuwa mbolea. Chuo kilikuwa kimoja, lakini kila mtu alikiona kutoka mahali pake.

Profesa Majani alinyoosha mkono. Akasimama.

"Mimi ndiye ninayekausha bomba la mke wangu," alisema.

Watu waligeuka kumtazama. Akaeleza yote: koki, mshale, ndoo, mapacha.

"Nyasi hizi nimezilea mwenyewe," alimalizia. "Lakini nyasi ukizikata zinaota tena. Mgongo wa mama watoto hauoti."

"Na mahafali?" mkuu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tutasimama kwenye vumbi," alijibu mwanafunzi yule. "Viatu si vinafutika?"

Watu walicheka, na mkuu naye akacheka. Fundi bomba akasimama.

"Maji ya kuogea ya mabweni tunayamwaga mtaroni," alieleza. "Tuyapitishe kwenye kokoto, kisha mchanga, kisha matete. Hayatafaa kunywa, lakini yatatosha miti na maua. Uwanja tuupunguze. Tupande mimea inayovumilia kiangazi, na tufunike udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Tumwagilie alfajiri, kabla jua halijayanywa maji. Huo ndio uendelevu: kutumia leo bila kumnyima jirani, wala mtoto wa kesho."

Koki ilifungwa siku iliyofuata. Nyasi zikawa njano, kisha kahawia. Profesa Majani alilia, na hakuona aibu kulia. Wahitimu walisimama kwenye nyasi kavu, wakapiga picha vilevile. Baadaye alichimba shimo la matete pamoja na wanafunzi, na yeye ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kushika jembe. Kazi haikuisha. Iliongezeka.

Siku moja alirudi nyumbani saa saba mchana. Mlango ulikuwa wazi. Mapacha walikuwa wamelala, wameshaogeshwa. Mkewe alikuwa amelala ubavuni mwao, mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu wajukuu wazaliwe. Alinyata hadi jikoni, akafungua bomba. Maji yalitoka kwa nguvu. Akayaacha yamwagike mkononi, akayasikiliza, akatabasamu peke yake.

"Baba watoto," sauti ya mkewe ilitoka chumbani, nzito kwa usingizi. "Funga bomba. Chini yetu kuna watu."

Akafunga.