Skrubu Iliyokatikia Ndani

Taa iligeuka kijani, na hapo hapo pikipiki ikazima. Haikuzima kwa adabu. Ilikohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza katikati ya njia panda saa ambayo kila dereva mjini alikuwa amechelewa. Honi zikalia nyuma kama mbuzi wenye njaa. Mwenye pikipiki, binti wa koti jekundu na suruali ya jinzi, alipiga kiki huku mkono mmoja ukilinda boksi la keki lililofungwa nyuma.

"Dada, usipige tena. Unaijaza petroli bure."

Aligeuka. Alisimama mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, vidole vyeusi kwa grisi, nusu ya mkate mkononi.

"Na wewe ni nani?"

"Fundi. Uwanja wetu ule pale."

"Kumbe mafundi siku hizi mnavizia wateja kwenye taa?"

"Wenzangu labda. Mimi nilitoka kununua mkate."

Binti alicheka, pamoja na honi zote zile. Wakasukuma pamoja, yeye ameshika usukani, fundi nyuma akilishikilia boksi kwa namna ya kumbeba mtoto wa watu.

Uwanjani mafundi wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna kitu alichokifanya mbio. Alifungua karibureta, akaimulika kwa tochi ndogo, akaguna.

"Skrubu hii ya kurekebishia mzunguko wa injini imelika kichwa. Hilo dogo, nitaitoa. Lakini hii ya kupimia hewa na petroli imekatikia ndani. Nani kaikata?"

"Mimi."

Fundi aliinua macho. Katika kazi yake yote, kila kilichovunjika, kwa maelezo ya wateja, kilikuwa kimevunjwa na shemeji wa mwenye pikipiki. Huyu alikuwa wa kwanza kusema "mimi."

"Ilikuwa inazima," binti aliendelea, "nikakaza. Ikazidi kuzima, nikazidi kukaza."

"Hii haikazwi, dada. Unaifunga polepole hadi iguse, kisha unairudisha nyuma kidogo kidogo huku unasikiliza injini."

"Mimi si mtu wa kurudi nyuma."

"Hilo skrubu imeshanieleza."

Pikipiki ilikuwa ya zamani. Karibureta ya aina yake haikuuzwa tena, na zile za kuigiza hazikubali kurekebishwa hata ukizibembeleza. Ilibidi kile kipande kitolewe bila kuupasua mwili wa karibureta, ambao ni laini na hausamehe. Kazi ya siku nyingi. Na binti alikuwa akiwapelekea watu keki za shangazi yake, ambaye alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba keki nyingine ikifika imeangukia ubavu, atatafuta mtu mwenye gari.

Basi kila jioni, akimaliza kazi, alipita uwanjani. Taratibu aliifungua karibureta, akaitilia mafuta ya kulegeza kutu, akajaribu, akashindwa, akaifunga tena ili kesho itembee vivyo hivyo. Katikati ya kujaribu na kushindwa, maneno yalikuwa mengi. Usiku simu zikafuata.

"Umekula, dereva wangu?"

"Nimekula. Tangu lini mimi dereva wako?"

"Tangu nilipokusukuma mbele ya watu wote wale. Ungekuwa wa mwingine angejitokeza."

"Una maneno wewe! Na wanakuita Taratibu!"

"Taratibu si bubu, mpenzi."

Binti alimpenda, na hakujidanganya juu ya hilo. Alianza kuvaa hereni kazini. Shangazi aliziona, akanyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku moja alimwachia pikipiki asubuhi. Mchana simu ikaita.

"Pikipiki tayari, njoo uichukue. Ila kuna jambo nataka nikwambie kuhusu—"

Simu ya binti ikaishiwa chaji. Alipofika, Taratibu alikuwa ametoka kwenda kutafuta sindano nyembamba ya drili. Binti akapiga kiki moja tu. Injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma bila kukohoa. Alifungua kinywa asiamini. Akakimbia kwa shangazi, akapakia keki ya ngazi tatu, akaifikisha imesimama wima. Usiku huo alimpigia fundi, naye simu yake haikupatikana.

Asubuhi, alipokuwa akiiosha, akaona. Karibureta yake alikuwa ameitia alama ya rangi ya kucha ubavuni, kwa sababu fundi mmoja wa zamani aliwahi kumwibia kifaa kizima na kumwekea kibovu. Alisugua, akainama, akamulika. Alama haikuwapo. Hii haikuwa karibureta yake.

Hasira ikampanda. Alifika uwanjani na koti limevaliwa upande.

"Mwizi!" alipaza sauti, na mafundi wote wakaacha spana hewani. "Umeniuzia wapi karibureta yangu? Kumbe maneno yale yote matamu yalikuwa ya kunilaza usingizi!"

Taratibu alisimama. "Jana nilitaka kukwambia—"

"Usiniambie! Sitaki kusikia kitu!"

Wateja waliokuwa wakisubiri walitazamana. Taratibu alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Basi sawa," alisema. "Nenda salama."

Binti aliondoka akilia ndani ya kofia ngumu, mahali pabaya sana pa kulilia, maana hakuna njia ya kufuta machozi.

Akaenda moja kwa moja kwa fundi wa upande wa pili wa mji, mzee mnene mwenye miwani. "Nitazamie takataka niliyofungiwa humu," alimwambia.

Mzee alitazama, akatazama tena, akacheka. "Takataka? Binti yangu, hii ni bora kuliko uliyokuwa nayo. Unaziona skrubu hizi? Alizichonga mwenyewe kijana mmoja wanamwita Taratibu, kwenye mashine yangu hii hapa, nikimwona. Ni za pikipiki yake."

"Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe. Jana alasiri alikuja kutafuta sindano ya drili, kwa miguu, na jua lile. Nikamuuliza pikipiki iko wapi, akasema kuna mtu ana keki kubwa ya kupeleka."

Binti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walikwisha kusema, naye wake ulikuwa umeponza moyo. Alimpigia Taratibu. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

Nyumbani alimweleza shangazi kila kitu. Shangazi alikuwa anapaka keki krimu na hakuacha kupaka.

"Ulimtukana wapi?"

"Uwanjani."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, shangazi."

"Basi usiende kumwomba radhi pembeni. Kitu umekivunja sokoni, unakiunga chumbani? Nenda wakati watu wamejaa." Aliinua kisu cha krimu. "Na uvue hereni. Huendi kupendeza, unaenda kusema ukweli."

Alikwenda kesho yake, saa ya mchana, uwanja umefurika. Taratibu alikuwa ameinamia meza, karibureta yenye alama ya rangi ya kucha imebanwa kwenye jiliwa. Hakugeuka.

"Jamani, nisikilizeni," binti alisema kwa sauti ile ile ya jana. "Jana nilimwita mtu huyu mwizi. Ni uongo. Alitoa karibureta ya pikipiki yake akanifungia mimi ili nisipoteze kazi, akabaki anatembea kwa miguu. Mwizi wa heshima ya mtu ni mimi."

Fundi mmoja alikohoa.

Taratibu aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimekusikia. Lakini wateja walioondoa pikipiki zao jana hawapo hapa kukusikia. Neno mwizi lina miguu mirefu."

"Wataje."

"Nini?"

"Nitajie walioondoka."

Alimtajia: muuza mayai, mwalimu wa michezo, na baba mwenye pikipiki ya kijani. Binti akavaa kofia, akatoka. Alimkuta muuza mayai akipanga trei, akarudia maneno yote mbele ya wanunuzi wake. Mwalimu wa michezo alikuwa kwenye kiwanja cha mpira na filimbi mdomoni. Akamsimamisha, akarudia mbele ya timu nzima. Baba wa pikipiki ya kijani alimfungia mlango mara mbili, binti akabisha mara ya tatu. Aibu ilimchoma kila alipolitamka lile neno, lakini hakulipunguza hata mahali pamoja. Jioni wote watatu walikuwa uwanjani, na baba wa pikipiki ya kijani alikuwa ananung'unika kwamba amekuja ili tu aachwe apumzike.

Taratibu aliwapokea, kisha akamgeukia binti.

"Na mimi nilikosa," alisema. "Nilifunga mdomo kwa kiburi. Ningesema neno moja tu, ungejua. Na simu zako niliziona." Akavuta pumzi. "Njoo. Kazi hii inataka mikono minne, ndiyo maana inanishinda."

Alikuwa amekitoboa kile kipande katikati na kupigilia ndani yake chuma chembamba chenye pembe, cha kukizungushia. Yeye akapuliza moto mdogo kuzunguka tundu, ili mwili wa karibureta utanuke. Binti akashika mpini wa chuma.

"Ukisikia inagoma, usilazimishe."

"Inagoma."

"Rudisha mbele kidogo. Sasa nyuma. Tena."

Jasho lilimtoka puani. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kuzungusha kwa nguvu yamalizike, naye akaizuia. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Ghafla kitu kikaachia chini ya vidole vyake, na kipande cha shaba kikapanda juu polepole hadi kikadondoka mezani. Uwanja mzima ukapiga kelele.

Taratibu akatia skrubu mpya alizozichonga, wakafunga karibureta ya binti kwenye pikipiki yake, na ya fundi kwenye yake. Pikipiki zote mbili zikawaka, zikanguruma bega kwa bega, na baadaye zikazimwa. Hapo binti akaona yaliyobaki. Imepona. Kesho hana sababu ya kupita hapa.

"Taratibu," alisema, na hakushusha sauti, watu wakiwa wanasikia. "Nilikuwa nakuja kwa sababu ya skrubu. Leo skrubu imetoka, na mimi si mtu wa kubuni visingizio. Nataka unioe. Kama hutaki sema sasa hivi, niende."

Muuza mayai alishika kichwa. Taratibu alimtazama, akaitazama mikono yake.

"Subiri," alisema.

Akaenda bombani. Akachukua sabuni ya unga na mchanga, akaanza kunawa. Alinawa viganja, akanawa migongo ya mikono, akasugua kucha kwa mswaki wa zamani, akasuuza, akatazama, akaanza upya. Binti alisimama pale akihesabu kila anaposuuza.

Alirudi mikono inadondosha maji, myeupe viganjani kama ya mtu mwingine kabisa.

"Sikutaka kukushika na grisi," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Ndiyo. Mwambie shangazi yako nakuja Jumapili."