Pensheni ya Mheshimiwa

Kila asubuhi Mama Pindo alifungua bomba la uani kwake. Bomba lilikohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Hapo alichukua ndoo akaenda kununua maji kwa mwenye mkokoteni. Njiani alimsema mbunge wa zamani kwa sauti ya chini, maana majirani walikuwa bado wamelala.

Alikuwa na haki ya kumsema. Mbunge huyo aliahidi maji. Mafundi wakaja, wakachimba, wakalaza mabomba, kila nyumba ikapata koki yake inayong'aa. Mheshimiwa akapigwa picha akiwa ameshika koki. Lakini mabomba hayakufika kwenye chanzo cha maji. Yaliishia porini, kwa sababu fedha zilizobaki alizila yeye. Mahakama ilimkuta na hatia, akafungwa, akatoka. Sasa alikuwa amekaa kwake, na kila mwezi hazina ya serikali ilimlipa pensheni ya ubunge. Yaani waliokosa maji walikuwa wanamlipa aliyewanyima maji.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na kila sare aliiachia pindo pana ili iongezwe mtoto akirefuka. Ndiyo asili ya jina lake. Mumewe, Mzee Pampu, aliendesha mitambo ya kusukuma maji katika idara ya maji. Wakati huu alikuwa nyumbani. Dizeli ya mtambo ilikuwa imepotea, wakubwa wakamtuhumu yeye, wakamsimamisha kazi hadi shauri lake lisikilizwe mahakamani. Kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia. Akionekana mwizi, pensheni yake ingekuwa mashakani. Mimi wezi wa dizeli nawajua. Hawavai viatu vilivyoshonwa na kushonwa tena kama vya Mzee Pampu.

Siku moja gari la matangazo lilipita mtaani.

"Kamati ya bunge inakuja kusikiliza maoni yenu! Kuna muswada, yaani sheria inayopendekezwa. Je, kiongozi aliyekula mali ya umma aendelee kulipwa pensheni? Njooni ukumbi wa shule Jumamosi!"

Mchana huo kibanda cha Mama Pindo kilijaa wanawake. Hakuna aliyekuja kushonewa, ila Bi Karani peke yake. Huyu alikuwa jirani, mstaafu aliyefanya kazi mahakamani miaka mingi. Alikuwa amesimama katikati ya kibanda, ndani ya gauni lililojaa pini, akirekebishiwa vipimo. Mzee Pampu alikaa mlangoni akishona vifungo vya sare. Tangu asimamishwe kazi, hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake.

"Jumamosi nasema mimi," alisema Mama Pindo, mkasi mkononi. "Nitawaambia hivi: kiongozi au mtumishi yeyote akituhumiwa tu, pensheni yake ikatwe yote. Tusingoje mahakama. Mahakama zinachelewa!"

"Hapo sawa!" wanawake waliitikia, wakapiga makofi.

Mzee Pampu aliweka kifungo chini.

"Basi mama watoto, anza na mimi."

Makofi yalikatika.

"Wewe ni tofauti, baba," alisema Mama Pindo.

"Tofauti gani? Sijatuhumiwa mimi?"

"Wewe hukuiba!"

"Hilo unalijua wewe unayelala na mimi. Sheria hailali na mimi."

Wanawake walicheka, lakini Mama Pindo hakucheka. Alimtazama mumewe, uso ukamwiva kwa aibu. Hasira yake juu ya mbunge ilikuwa kubwa hata hakuona kwamba alikuwa karibu kumkata mume wake mwenyewe.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu," alisema Bi Karani ndani ya pini zake. "Nitoe basi kwenye gauni hili, mwanangu, tuzungumze. Nikiinua mkono nachomwa."

"Zungumza hivyo hivyo, shangazi. Nikitoa pini nitaanza upya."

"Haya. Basi nisikilizeni. Kutuhumiwa ni jambo moja, kutiwa hatiani ni jambo jingine. Mimi naweza kukutuhumu leo kwa sababu tu sipendi unavyocheka. Lakini ili utiwe hatiani, mahakama isikie ushahidi, na wewe ujitetee. Na ukikata rufaa, isikilizwe hadi mwisho. Mkitaka tuhuma pekee itoshe, mnajua itaanza kumkata nani? Si mbunge. Mbunge ana wakili. Itamkata karani mdogo aliyekataa kuficha wizi wa bosi wake."

Mzee Pampu aliitikia kwa kichwa taratibu. Jambo hilo lilimgusa.

"Kwa hiyo tunyamaze?" aliuliza muuza mboga mmoja. "Mheshimiwa aendelee kula?"

"Nani kasema mnyamaze? Semeni, lakini semeni vizuri. Jambo la pili: pensheni si fungu moja. Kuna michango, ambayo mtu alikatwa kwenye mshahara wake. Hiyo ni jasho lake, hata akiwa mwizi. Halafu kuna fungu la hazina, ambalo umma humpa kama ahsante kwa utumishi wake."

"Ahsante!" Mama Pindo aliruka. "Tumshukuru kwa upepo wa bombani?"

"Hapo ndipo penye hoja yako. Shika hapo hapo."

Jioni, wanawake walipoondoka, Mzee Pampu alimsogelea mkewe.

"Usiende Jumamosi. Watu wa mheshimiwa watakuwepo. Watakuuliza habari zangu mbele ya mtaa mzima."

"Wakiuliza nitawajibu."

"Utawajibu nini?"

"Bado sijui. Lakini nikikaa nyumbani, watasema wenyewe, na watasema wanavyotaka. Nakwenda."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wanakamati walikaa mbele, mwenyekiti wao akiwa mama mmoja mwenye miwani. Wa kwanza kusema alikuwa mdogo wake mbunge, kijana mwenye maneno laini.

"Kaka yangu alikosa, akafungwa, akatumikia kifungo. Kwa nini aadhibiwe tena? Na mke na watoto watakula nini? Wao waliiba?"

Baadhi ya watu waliguna, wengine wakaitikia kwa vichwa. Tuseme kweli, neno hilo lilikuwa na uzito. Mtoto hachagui baba.

Mama Pindo alisimama. Akashika kiti cha mbele.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni fundi cherehani. Nikiharibu kitambaa cha mteja, hanilipi ufundi. Hata nikisema nina watoto, hanilipi. Atasema, 'Pole, mama, lakini gauni langu liko wapi?' Na sisi tunauliza, maji yetu yako wapi? Hatutaki michango yake. Alichokatwa kwenye mshahara wake arudishiwe, alishe watoto wake. Tunachokataa ni ile ahsante. Jela ilikuwa adhabu. Lakini pensheni ya hazina ni shukrani, na shukrani hailazimishwi. Kiongozi akitiwa hatiani kwa kula mali ya umma, na rufaa yake ikiisha, hazina ifunge mkono."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mdogo wake mbunge akanyanyuka tena.

"Na mumeo je? Si ametuhumiwa wizi wa dizeli? Naye akatwe?"

Watu waligeuka. Mzee Pampu alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama Pindo alimwona. Moyo ulimwuma kwa ajili yake, lakini alimnyooshea kidole.

"Yule pale mume wangu. Shauri lake halijasikilizwa. Mahakama ikimkuta na hatia, sheria imkate kama kaka yako, na mimi sitakuja hapa kumlilia. Lakini asikilizwe kwanza. Kaka yako alisikilizwa. Nataka sheria moja kwa wote wawili."

Kijana akakaa. Mwenyekiti aliandika kwa muda. Kisha akasema, "Mama, neno 'anayetuhumiwa' limo kwenye muswada wetu. Tutaliangalia upya."

Wanawake wa mtaa hawakukaa kungoja tu. Mama Pindo na wenzake walikwenda ofisi ya mbunge mpya kila muswada uliposogea. Walipoambiwa hayupo, walikaa kwenye benchi wakishona vifungo hadi apatikane. Katibu wake alifika mahali akawa anawaletea chai mwenyewe.

Sheria ikapita. Neno "anayetuhumiwa" lilitolewa, likawekwa "aliyetiwa hatiani na mahakama, na rufaa yake kwisha." Michango ya mtu ilibaki yake. Fungu la hazina lilisimamishwa, na bunge likaamua fedha hizo zirudi kwenye miradi iliyoibiwa. Alichokwisha kulipwa mheshimiwa hakikurudi, lakini malipo mapya yalikoma. Mafundi walirudi porini, wakaanza kuunganisha mabomba na chanzo. Kazi ni polepole, lakini sasa kila wiki wanawake wa mtaa huenda kuikagua, na msimamizi anawaogopa.

Shauri la Mzee Pampu nalo lilisikilizwa. Mlinzi wa mtambo alieleza ni gari la nani lililobeba dizeli, na halikuwa la mtu mdogo. Mzee alirudishwa kazini, akastaafu kwa heshima, pensheni yake nzima.

Siku aliyoipokea kwa mara ya kwanza, walikuwa wamekaa kibandani, yeye na mkewe.

"Mama watoto," aliuliza, "lile neno ulilosema ukumbini. Ningekutwa na hatia, kweli usingenililia?"

"Nisingelia."

"Na chakula ungenipikia?"

Mama Pindo alikata uzi kwa meno.

"Ningekupikia kila siku. Lakini kwa fedha ya cherehani yangu, si ya watu."