Baba Yangu Yuko Mstari wa Tatu

Kila jioni Twiga akitoka shule, alivua sare na kwenda kukaa kibandani kwa baba yake, fundi viatu, ili amshikie kiatu huku yeye akigonga misumari. Jina la Twiga alipewa na wenzake kwa urefu wa shingo yake, naye hakulichukia. Sasa alikuwa amefika fainali ya Mrembo Msomi, shindano la taifa zima. Mrembo wa kwanza hupata taji, na mwenye jumla kubwa kuliko wote ya alama hulipiwa masomo mpaka chuo kikuu. Taji Twiga hakulijali. Masomo aliyataka kufa na kupona.

Siku tatu kabla ya fainali, mama aliyewafundisha washiriki kutembea jukwaani alimvuta pembeni.

"Mwanangu, fomu yako ya maelezo ya maisha imepooza, nayo ina alama zake. Mwaka jana alishinda yatima, mwaka juzi yatima. Nimeandika kwamba baba yako ni marehemu. Ukiulizwa, toa machozi kidogo."

"Lakini baba yupo, mwalimu!"

"Nani atajua? Unataka kusoma au hutaki?"

Twiga akanywea, akakubali. Nyumbani alimwambia baba asije, eti wazazi hawaruhusiwi. Baba aliendelea kupunguza visigino vya viatu vya binti yake ili asije akateguka mguu.

Siku yenyewe, kisigino cha mshiriki mmoja kilivunjika, waandaaji wakatoka mbio kutafuta fundi viatu wa karibu. Waliyempata alikuwa baba yake Twiga. Alipomaliza kazi walimpa kiti kwa shukrani. Twiga alipopanda jukwaani alimwona, na aproni yake yenye madoa ya gundi, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Jaji mkuu, bibi mwenye miwani, aliinua fomu. "Pole kwa kufiwa na baba. Alikuachia nini?"

Kando ya pazia, mwalimu alikuwa akijifuta macho makavu kumwonyesha namna ya kulia. Hapo hasira zikampanda Twiga. Alimkasirikia mwalimu, na zaidi alijikasirikia mwenyewe.

"Sijafiwa!" alisema kwenye kipaza sauti. "Baba yangu yuko mstari wa tatu, yule mwenye aproni. Viatu hivi katengeneza yeye. Fomu imedanganya, na mimi nilikubali. Akili ninayo, na bidii ninayo. Kama hazitoshi mpaka nimzike baba yangu mzima mzima, basi ufadhili wenu kaeni nao!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Majaji walijadiliana kwa muda mrefu. Mwalimu yule aliondolewa, na taji likaenda kwa msichana mwingine.

"Fomu yako tumeipa sifuri," alisema jaji mkuu. "Hata hivyo, mtihani wako wa maandishi umekuacha mbele kwa alama mbili. Utasoma."

Nje, Twiga hakuthubutu kumtazama baba usoni.

"Kumbe nilikufa na sina habari," alisema baba.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Ungeingia shule kwa uongo, ungekaa darasani kuulinda uongo badala ya kusoma. Leo umeutupa mbele ya watu wote, na kilichobaki ni chako kwa haki." Akampa sanduku la zana. "Haya, shika. Marehemu ana jozi saba za kumalizia leo."