Mwanamke Asiyejua Kukataa

Muuza nyanya ndiye aliyeanza. Mke wa fundi sauti alimwambia, "Hapana, leo sihitaji," naye mzee akapima kilo mbili, akazifunga, akamkabidhi huku akitabasamu. Mke akacheka, akadhani masikio ya mzee wa watu yamechoka. Kumbe yalikuwa mazima kabisa.

Yeye na mumewe walifanya kazi moja, tena ndani ya nyumba yao. Filamu za kigeni zililetwa, wao wakazitia Kiswahili: mume kwenye mashine, mke kwenye kipaza sauti, katika chumba kilichozibwa dirisha na kupigiliwa magodoro ukutani ili kelele za mtaa zisiingie. Mke alikuwa malkia, mwizi, bibi harusi, mama mkwe, wote yeye. Mtaani walimwita Vinywa Mia. Kusoma midomo alijua kuliko wengine wanavyojua kusoma magazeti.

Mwezi ule mume akaanza kujifungia chumbani kila adhuhuri. Akitoka ananukia marashi ya waridi, na nyumba ile haikuwa na marashi ya waridi. Vinywa Mia ana wivu, tusifichane, wivu wa kunusa mashati na kukagua nywele kwenye kitana. Siku moja akasimama mlangoni akasikia mwanamke anacheka ndani, kicheko cha chini, cha mtu aliyekwisha kuvua viatu na hana haraka ya kwenda kwao.

Akausukuma mlango. Mume alikuwa peke yake, hedifoni masikioni.

"Nani alikuwa humu?"

"Nani tena? Kazi hii, mke wangu. Wivu utakuzeesha bure."

Usiku ule mume alipomgusa bega, alimwambia, "Leo hapana. Nina hasira na wewe." Alisema mara tatu. Haikusaidia kitu.

Asubuhi alimwuliza kwa kunong'ona.

"Jana sikukwambia sitaki?"

"Hukusema neno. Tena ulikuwa unatabasamu."

Alimtazama machoni, akaona hadanganyi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, maana uongo wa mume angejua la kuufanya.

Mume alipotoka kwenda kununua nyaya, Vinywa Mia aliingia chumbani, akawasha mashine, akasogelea kipaza sauti. "Nyanya," akasema, na mshale wa mita ya kupimia sauti ukaruka. "Malkia." Ukaruka. "Hapana." Mshale ukalala palepale. Akapiga kelele, "Hapana! Sitaki! Niache!" mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mshale haukutikisika, na kabla hajapumua harufu ya waridi ikajaa chumbani pamoja na harufu ya godoro lililolowa, kioo cha kuonyeshea filamu kikajiwasha chenyewe, na juu yake akatokea mwanamke asiyemjua, kitandani, katika filamu ya zile zinazouzwa chini ya meza, na midomo ya yule mwanamke ilikuwa inakataa, haikuhitaji kujua lugha yake kuliona hilo, lakini sauti iliyotoka ilisema, "Ndiyo, bwana wangu, usiache," na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, imenyofolewa vipande vipande kutoka hadithi za mapenzi alizozisoma kwa moyo safi.

Mwezi mzima alikuwa akimtafuta mwanamke wa kumchukia, na sasa amekuta ni koo lake mwenyewe. Wivu haukupoa hata hivyo. Ulizidi.

Ndipo sauti ikaiacha filamu, ikamgeukia.

"Mbona unatuchungulia, mke mwenzangu?"

Alikimbia mpaka kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye kutibu watu wenye majini ndiyo kazi yake. Shangazi alifika jioni na chetezo cha ubani na magoti mabovu, akamkalisha fundi chumbani, kwenye kiti chake cha mashine.

"Baba, hapana za mtoto wangu ziko wapi?"

Fundi aliitazama mashine yake. "Nilizikata, shangazi. Wateja wa filamu zile hawapendi kumsikia mwanamke akikataa. Zile ndiyo nilizitumia, zile hapana nikazitupia kwenye faili moja. Naliita Jalala."

"Mwanamume mzima hujui kama majini hukaa majalalani? Umemlisha jini muda wote huu! Umemkuza kwa midomo ya wanawake, kisha unashangaa amekuja kukaa!"

"Sikumdhuru mtu. Ni filamu tu."

"Muulize huyo aliyelala pembeni yako. Sasa vaa hizo hedifoni. Utazisikiliza zote, bila kupunguza. Kisha utafuta kila filamu uliyoitia sauti hiyo. Ukibakisha hata moja, atabaki na aliyeibakisha."

Fundi akasikiliza. Zilikuwa hapana za miaka saba, za malkia na za mjakazi, kali, za kilio, za kunong'ona, na katikati yake akasikia tatu ambazo hakuwahi kuzirekodi, za usiku ule, za pembeni ya sikio lake, akaanza kulia, na akiwa bado analia mdomo wake ukafunguka wenyewe ikatoka sauti ya kike.

"Sitoki! Huyu alimkatalia bwana. Mimi sijamkatalia hata siku moja. Nani mke hapo?"

"Asiyeweza kusema hapana," alijibu shangazi, "ndiyo yake ina uzito gani? Toka!"

Chetezo kikapasuka. Harufu ya waridi ikakatika. Vinywa Mia akasogelea kipaza sauti, akasema, "Hapana," na mshale ukagonga mwisho wa mita.

"Basi mama, nimesikia!" akaitika muuza nyanya kule barabarani, kana kwamba ukuta hauna magodoro. Shangazi akacheka. Vinywa Mia akalia, akaenda kufunga nguo zake.

"Utarudi?" mumewe alimwuliza mlangoni.

"Sijui. Nitakwambia, na safari hii utasikia."

Fundi alifuta filamu zote usiku huohuo. Alibakisha moja, ile yenye kicheko kitamu, kwa sababu mke ameondoka na nyumba ilikuwa kimya mno. Moja tu haimuui mtu, alijiambia.

Kesho yake adhuhuri mteja akaja na filamu mkononi.

"Fundi, nitilie na hii, kama ile ya mwanzo."

"Hapana," alisema fundi, na alimaanisha. "Nimeacha kazi hiyo."

Mteja alitabasamu, akaiweka filamu mezani. "Ahsante. Nilijua hutanikatalia."

Akaondoka, mlango ukajifunga. Harufu ya waridi ikapanda. Mkono laini ukamkalia fundi begani, ukaanza kushuka taratibu. Alisema hapana. Akasema tena, akapiga kelele. Mshale wa mita ulikuwa umelala, na katika chumba kile hakikusikika kitu, ila kicheko cha mkewe.