Taa ya Kijani

Ukumbi wa zahanati ulikuwa umefurika. Watoto wanalia, wazee wanakohoa, na karani wa mapokezi, dada mwenye gauni la njano na kalamu kaichomeka kwenye nywele, anaita majina huku simu kaibana begani. Kijana mmoja akachungulia dirishani.

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

"Mimi si mgonjwa, dada. Ni mimi niliyetengeneza mfumo wenu wa kusajili."

"Kumbe ni wewe! Basi wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza leo. Kaa hapo."

Akakaa. Huyo ndiye Fundi, na siku hiyo hakuondoka bila namba ya simu ya karani.

Mapenzi yakanoga. Simu asubuhi, simu mchana, na vicheko visivyo na sababu. Ila Fundi akiulizwa hali alikuwa na jibu moja tu: "Mimi? Mzima kabisa!" Hata mafua yakimbana, mzima kabisa. Karani alicheka, lakini lilimkera.

Wakati huohuo Fundi aliuongezea mfumo kitu kidogo alichojivunia sana: anwani ya kuupima afya, yaani sehemu ndani ya mfumo ya kuulizia hali yake. Kompyuta nyingine inaiuliza kila mara, "U mzima?" Ikijibiwa "mzima", taa ya kijani inawaka kwenye skrini ya Fundi, ofisini kwake.

Jumatatu moja majina ya wagonjwa yakagoma kufunguka. Karani akapiga simu.

"Mpenzi, mfumo umekufa! Watu wanataka kunitafuna mbichi hapa."

"Haujafa, kipenzi. Taa ni ya kijani. Angalia tena nywila yako."

"Nimeangalia!"

"Basi umekosea mahali. Nipe bosi wako nimweleze."

Akamweleza. Mganga mkuu akamfokea karani mbele ya ukumbi wote, eti anabofya ovyo halafu anasingizia mashine. Dada wa watu akaenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kuandika majina kwa mkono. Jioni Fundi alipiga simu mpaka akachoka. Haikupokelewa.

Roho ikamuuma, akaifungua kazi yake aitazame upya. Loo! Ile anwani ilikuwa haichunguzi chochote. Ikiulizwa tu, inajibu "mzima". Mawasiliano na ghala la majina ya wagonjwa yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, na anwani inajibu tu mzima, mzima, mzima. Fundi akajishika kichwa.

Kesho yake alisimama katikati ya ukumbi, shati limekunjamana.

"Daktari, kosa ni langu. Huyu dada alisema kweli, mimi ndiye sikumsikiliza."

Mganga mkuu akamwomba karani radhi, watu wote wakisikia. Karani akamuuliza Fundi bila kuinua macho:

"Umeurekebisha?"

"Ndiyo. Sasa mfumo unajaribu kwanza kufungua jina moja, ndipo unapojibu. Ukishindwa, taa inakuwa nyekundu."

"Na wewe je? U mzima?"

Jibu la siku zote lilishafika mdomoni. Akalimeza.

"Hapana. Sijalala, sijala, naogopa umeniacha. Nataka uniulize hivyo kila siku, na sitakudanganya tena. Naomba nikuoe."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama, hata wenye kikohozi. Karani akachomoa kalamu kwenye nywele, machozi yanamlengalenga.

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

Fundi akaenda nyuma, mnyonge. Bibi mmoja akamvuta mkono, "Pita, mwanangu." Na aliyemtangulia bibi naye akasogea, na mwingine, na mwingine, hadi akajikuta dirishani.

"Haya, mgonjwa wangu," karani akasema, akicheka na machozi yakimtoka. "Nimekubali."