Mabata Maji ya Mzee Canul

Kila Jumamosi mzee Wilberth Canul alipita kwenye uwanja wa shule ya mtaani kwao, huko Mérida, kumwaga maji ya mvua yaliyotuama ndani ya mabata maji yake ya mapambo aliyoyaweka hapo. Aliyatengeneza mwenyewe kwa matairi makuukuu, akayapaka rangi nyeupe. Watoto waliyapenda mno, na yeye alijivunia.

Mwaka uliopita mjukuu wake, Landy, aliugua homa ya dengi. Daktari alionya kwamba akiipata tena huenda ikawa mbaya zaidi. Tangu hapo mzee hakuwa na amani.

Nelmy Pech, mhudumu wa afya anayefuatilia mbu mashuleni, aliweka vikombe vyeusi kila pembe ya uwanja, vyenye maji kidogo na kitambaa ndani. Alieleza kwamba mbu wa dengi hutaga humo, na mayai huonyesha wamejaa wapi. Wiki ilipokwisha, kitambaa cha karibu na mabata kilikuwa na vidoa vyeusi tele.

"Masizi hayo, binti," mzee alisema. "Mimi maji namwaga kila wiki. Waulize jirani wenye vichaka."

Nelmy hakubishana naye. Alimpa kioo cha kukuzia, akamwacha atazame mpaka aridhike. Uvumilivu wa dada yule ni wa kupigiwa mfano. Kisha akapitisha kidole ndani ya bata moja, juu kidogo ya maji.

"Kumwaga unamwaga, mzee wangu. Ila mayai yameganda hapa ukutani. Yanakaa makavu hata miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Sugua kwa brashi, halafu toboa chini maji yasikae."

Landy alicheza hapo kila siku. Ilimuuma mzee kwelikweli.

"Basi niyatupe," alisema.

"Ukiyatupa yatajaa maji hukohuko jalalani. Yatoboe, uyajaze udongo, upande maua."

Mzee akafanya hivyo siku ileile. Mvua ziliendelea kunyesha, lakini vitambaa vya pale vilianza kutoka vyeupe, bila vidoa. Landy alimaliza masika bila homa.

Lakini mzee hakuishia shuleni. Nusu ya mtaa walikuwa na mabata aliyowagawia. Alipakia drili na brashi kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, akaenda kubisha hodi mlango kwa mlango.

"Nilikuletea zawadi mbovu," alimwambia kila mmoja. "Nimekuja kuitengeneza."