Uzi wa Bluu Ndani ya Dashibodi

"Huyu hapa, afande! Huyu ndiye aliyemkata mguu mdogo wangu!"

Nilikuwa nimemkaba Prosper shati, dukani kwake Bunda, watu wamejaa mlangoni. Mke wake analia. Mimi sisikii la mtu.

Ndugu zangu, naitwa Amini, fundi magari, gereji yangu iko Mukendo hapa Musoma. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Mdogo wangu Fahadi anauzaga samaki. Mwezi jana alinunua Noah ya zamani kwa huyu Prosper, apelekee sato Butiama na Bunda. Kabla hajalipa alinipigia, kaka njoo unikagulie.

Nikaenda. Nikakuta gari limeshawashwa, linanguruma vizuri. Nikatazama dashibodi, hakuna taa hata moja inayowaka. Nikazunguka, nikapiga teke tairi, nikamwambia chukua, gari safi.

Wiki tatu baadaye, njia ya Butiama, mvua inanyesha, ng'ombe wakakatiza barabara. Fahadi akakanyaga breki kwa nguvu...

Magurudumu yakajifunga. Akakata usukani, gari haligeuki, linateleza tu mpaka kwenye kalavati.

Mguu wa kulia madaktari hawakuweza kuuokoa. Ana miaka ishirini na sita, na alikuwa anajiandaa kumuoa Najat. Najat alikuja wodini mara mbili, hajaonekana tena.

Sasa mimi fundi nikapiga hesabu. Gari lenye ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, haliwezi kuteleza namna ile. Kama ABS ilikuwa imekufa, taa yake ilitakiwa iwake. Mbona haikuwaka? Maana yake kuna mtu aliizima ili auze!

Ndiyo maana nikamkaba Prosper.

"Fundi, wallahi mimi nimenunua likiwa hivyo hivyo," alisema. Nikamwambia hayo akamwambie hakimu.

Afande akaniambia bila ushahidi hawawezi kumshikilia. Nikasema ushahidi nautoa mwenyewe. Tukaenda lilikovutiwa lile gari, nikachukua bisibisi, nikafungua dashibodi.

Balbu ya ABS haipo. Kitundu kitupu.

Nikataka kushangilia. Halafu nikaona waya za nyuma zimefungwa kwa uzi wa bluu.

Ngojeni niwaeleze. Vile vibana vya plastiki mimi sivitumiagi, vinakatika kwa joto. Waya nikishafungua nazifungaga kwa uzi wa cherehani ya mama, mizunguko saba na mafundo mawili. Mama ni fundi nguo, uzi wa bluu haukosekanagi nyumbani. Musoma nzima hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nilikuwaga najisifia hata.

Nikakumbuka yote.

Miaka miwili nyuma, mwalimu mmoja, Leonardi, aliniletea Noah nyeupe, taa ya ABS haizimi. Nikasafisha sensa za magurudumu yote, vile vifaa vinavyopima mwendo wa kila gurudumu. Nikapima kwa mashine, ikaniambia nyuma kushoto. Nikaweka sensa nyingine, taa ikarudi. Nikafuata waya mpaka chini ya kapeti, taa ikarudi. Siku nne nimelala chini ya gari moja!

Leonardi akachoka. Akasema breki si zinashika, hiyo taa itoe tu, nataka kuliuza.

Nikaitoa. Nikajiambia ni taa tu.

Gari likauzwa, likapakwa rangi ya fedha, likauzwa tena. Nikalikagua kwa macho yangu mwenyewe na sikulijua.

"Umeona nini, fundi?" afande akaniuliza.

"Balbu imetolewa."

"Basi ni yeye."

Nikaukata ule uzi, nikautia mfukoni.

Leo ni siku ya nane Prosper yuko ndani. Mke wake ananipigia kila asubuhi, ananiomba msamaha kwa kosa ambalo mume wake hajafanya. Kesho nakwenda kituoni kusema ukweli, najua na mimi sitarudi nyumbani. Na hata nikisema, mguu wa Fahadi haurudi.

Wewe unayenunua gari la zamani, likute limezimwa. Washa swichi kabla hujapiga stata. Taa ya ABS lazima iwake kwanza, halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna fundi kama mimi alishapita humo. Na wewe fundi mwenzangu, kama umeshindwa, sema umeshindwa.

Nawaandikia nikiwa wodini. Fahadi amelala. Alipoamka mchana alinishika mkono, akasema, "Kaka, bila wewe yule aliyeniuzia gari angeponyoka."

Mama amekaa pembeni ya kitanda na suruali ya Fahadi. Ameukunja mguu wa kulia wa suruali kwa ndani, anataka kuushona.

"Amini, nitungie uzi, macho yangu hayaoni."

Nimeshika sindano. Uzi ni ule ule wa bluu, na kila nikiuelekeza kwenye tundu, hauingii.